Msitu Una Cheti, Wenyeji Hawana Hati

Geuza kikombe cha karatasi ulichouziwa kahawa. Kagua boksi la pizza, pakiti ya tishu, daftari la mtoto, hata ule mfuko wa karatasi tulioanza kupewa dukani baada ya mifuko ya plastiki kupigwa marufuku 2017. Mara nyingi, kwa maandishi madogo ya kukodolea macho, utapata mti uliochorwa kwa mstari mmoja, na upande wake mmoja ni tiki. Tiki kabisa, kama ile mwalimu alikuwa akikuwekea ukipata hesabu. Chini yake kuna herufi tatu: FSC. Ujumbe ni kwamba karatasi hii imetoka kwenye msitu unaotunzwa kwa uwajibikaji, kwa hivyo kunywa kahawa yako na roho yako itulie.

Basi tuulize. Huo mtihani alisahihisha nani? Aliyesahihisha alilipwa na nani? Na watu wanaoishi ndani ya huo msitu, au waliokuwa wakiishi humo, walikuwa wapi siku ya mtihani?

Hoja yangu ni moja, na nitaisema mapema ili tusizungushane. Cheti cha msitu kina thamani pale tu wenyeji walipokuwa na haki juu ya ardhi yao kabla mkaguzi hajafika. Pale wasipokuwa nayo, cheti hakiwaletei. Kinachofanya ni kupiga pasi dhuluma iliyotangulia mpaka inyooke kama shati la ofisi. Na Kenya, nchi ambayo bado haijaamua kwa vitendo Mau ni ya nani na Embobut ni ya nani, haijafika mahali pa kushangilia vyeti.

Tuipe FSC haki yake kwanza. Miaka ya 1980, picha za misitu ya Amazon na ya Kusini-Mashariki mwa Asia ikifyekwa zilifanya watu wengi Ulaya na Marekani waanze kususia mbao za nchi za joto. Mwaka 1992 viongozi wa dunia walikutana Rio de Janeiro, wakazungumza sana kuhusu misitu, wakaondoka bila mkataba wa misitu wenye nguvu ya sheria. Mwaka uliofuata, watu wa mazingira, wafanyabiashara wa mbao na watetezi wa haki za jamii walikutana Toronto, Kanada, wakaunda Forest Stewardship Council, baraza ambalo leo makao yake makuu yako Bonn, Ujerumani. Fikra yao ilikuwa rahisi: kama serikali zimeshindwa, mnunuzi asaidiwe kumtofautisha muuzaji mwema na mwizi.

Na hawakuunda kitu cha ovyo. Kura za baraza hilo zimegawanywa mafungu matatu sawa: uchumi, jamii na mazingira. Ndani ya kila fungu, nchi tajiri na nchi maskini zina uzito sawa. Kuna kanuni kumi, na mojawapo inataka watu wa asili ya mahali waheshimiwe, waulizwe mapema, wapewe habari kamili, na wawe na uhuru wa kukataa. Nembo nyingine kubwa duniani, PEFC, ilikuja 1999 na wakosoaji wengi wanaiona kuwa laini zaidi. Ndiyo maana nimeichagua FSC. Ukitaka kujua hali ya darasa, muulize maswali mwanafunzi anayeongoza.

Sasa tuangalie jinsi kazi inavyofanyika. FSC yenyewe haikagui misitu. Inaandika masharti, halafu kampuni za ukaguzi zinakwenda shambani. Kampuni ya miti inayotaka cheti ndiyo inayochagua mkaguzi na ndiyo inayomlipa. Cheti kikitoka kinadumu miaka mitano, na kila mwaka kuna ukaguzi mdogo wa kuona kama mambo bado yako sawa.

Fikiria ukaguzi wa matatu ungekuwa hivyo. Mwenye gari anatafuta mkaguzi, wanapatana bei, anamlipa, na mkaguzi akilalamikia breki, mwaka ujao mwenye gari anatafuta mwingine asiye na maneno mengi. Ungepanda hiyo gari? Wataniambia kuna shirika lingine linalowakagua wakaguzi. Lipo, kweli. Lakini mkaguzi anajua hela ya karo ya watoto wake inatoka wapi, na haitoki kwa bibi anayeokota kuni ukingoni mwa msitu.

Halafu kuna lugha ya nembo yenyewe. Ipo ya asilimia 100, ambapo mbao zote zimetoka msitu wenye cheti. Ipo ya karatasi iliyorejelewa. Na ipo inayosema "Mix", yaani mchanganyiko. Kwenye mchanganyiko, sehemu ya malighafi inaweza kutoka msitu ambao hauna cheti kabisa, mradi umepita masharti machache ya chini. Mti ni ule ule, tiki ni ile ile, neno dogo tu ndilo limebadilika. Nani akiwa kwenye foleni ya kahawa saa mbili asubuhi anasoma neno dogo?

Hayo ni ya mnunuzi. Sasa twende upande ambao mnunuzi hauoni, na tuanzie jirani kabisa, kwenye mlima tunaogawana na Uganda.

Mwaka 1994 wakfu mmoja wa Uholanzi uitwao FACE ulianza kupanda miti upande wa Uganda wa Mlima Elgon, ndani ya mbuga ya taifa, kwa ushirikiano na mamlaka ya wanyamapori ya nchi hiyo. Nia ilikuwa miti ile inyonye hewa ya ukaa, na hesabu yake ifidie moshi wa Ulaya. Mwaka 2002 mradi ukapata cheti cha FSC. Kwenye karatasi ilikuwa hadithi tamu: mlima umevuliwa nguo, wafadhili wameuvisha.

Lakini mlima haukuwa mtupu. Wabenet, ndugu wa Waogiek wa upande wetu wa Elgon, walikuwa wakiishi na kuchunga huko juu kabla ya mbuga, kabla ya wakfu, kabla ya Uganda yenyewe kuitwa Uganda. Walikuwa wamefurushwa zaidi ya mara moja. Waliposhitaki, Mahakama Kuu ya Uganda ilitambua mwaka 2005 kuwa wao ni wenyeji wa kihistoria wa sehemu ile na wana haki ya kukaa na kulima. Katika miaka hiyo ya mvutano wanakijiji walikata miti ya mradi kwa maelfu na kupanda chakula. Yaani mahakama ilikuja kuona kitu ambacho mtihani wa cheti, uliokwisha kupitishwa miaka mitatu nyuma, haukukiona.

Shuka sasa kutoka mlimani uelekee Uganda ya kati, Mubende na Kiboga. Huko kampuni ya New Forests, yenye asili ya Uingereza, ilipewa ardhi ya hifadhi za serikali ipande misonobari na mikaratusi. Ilikuwa na cheti cha FSC. Ilikuwa na fedha za Benki ya Uwekezaji ya Ulaya na za benki ya HSBC. Mwaka 2011 shirika la Oxfam lilitoa ripoti likisema zaidi ya watu 20,000 walikuwa wameondolewa kupisha miti hiyo, wengine wakieleza nyumba kuchomwa na mazao kufyekwa. Kampuni ilikana kutumia nguvu, ikasema watu wale walikuwa wavamizi wa ardhi ya serikali na kwamba kuwaondoa lilikuwa jukumu la serikali. Baadaye, kupitia ofisi ya malalamiko ya kundi la Benki ya Dunia, kampuni na jamii zilipatana, Mubende mwaka 2013 na Kiboga mwaka 2014.

Soma tena utetezi ule: wavamizi wa ardhi ya serikali. Hapo ndipo siri yote ilipo. Kanuni ya kwanza ya cheti ni kufuata sheria za nchi. Kama sheria ya nchi, au foresta mwenye bunduki anayejiita sheria, imeshakuita mvamizi, basi kuondoka kwako hakuandikwi kama kosa. Kunaandikwa kama tatizo lililotatuliwa. Mkaguzi anafika akiwa na daftari lake, anakuta miche imesimama mistari kama wanafunzi paredi, anauliza kama kuna mgogoro wa ardhi, anaambiwa ulikuwepo ukaisha. Anahoji jirani waliobaki. Waliofurushwa wako kwa shemeji yao wilaya nyingine, wanalima kwa kibarua, na kwenye ratiba ya mkaguzi hakuna siku ya kwenda huko.

Si ati wakaguzi wote ni wala rushwa. Wengi ni watu waaminifu, na hiyo ndiyo inayoniogopesha zaidi. Mtu mwaminifu akipewa fomu isiyo na mstari wa aliyefukuzwa, ataijaza kwa uaminifu na aliyefukuzwa hatakuwemo.

Kuna watakaosema nimechagua mifano mibaya tu. Sawa, huu hapa mzuri, na nautaja kwa furaha maana ndio unaonipa hoja.

Wilaya ya Kilwa, kusini mwa Tanzania. Humo kuna mpingo, ule mti mweusi mgumu ambao wachongaji wetu wanaujua, na ambao Ulaya wanautumia kutengenezea klarineti na obo. Kwa miaka mingi magogo ya mpingo yalitoka vijijini na kijiji kikabaki na vumbi la lori. Kisha kukaja mambo matatu, na mpangilio wake ndio somo. La kwanza, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, iliyotambua kwamba kijiji kina mamlaka juu ya ardhi yake. La pili, Sheria ya Misitu ya 2002, iliyoruhusu kijiji kutangaza hifadhi yake cha msitu, kuisimamia kwa kanuni zake, na kubaki na mapato ya mbao zake. La tatu, na la mwisho, cheti. Mwaka 2009 misitu ya vijiji vya Kilwa ilipata cheti cha FSC kupitia shirika la uhifadhi wa mpingo linaloshika cheti kwa niaba ya vijiji vyote pamoja, na ikawa ya kwanza Afrika kwa misitu ya asili inayosimamiwa na jamii.

Umeona mpangilio? Ardhi, sheria, halafu nembo. Mkaguzi alipofika Kilwa alikuta mtu wa kuongea naye: halmashauri ya kijiji yenye mipaka, muhuri na kumbukumbu za mikutano. Mnunuzi wa mpingo akija na bei ya kuchekesha, kijiji kinaweza kumwambia arudi alikotoka. Pale cheti ni tarumbeta. Kinaipa sauti haki ambayo tayari ipo. Mubende hakukuwa na haki ya kupaziwa sauti, kwa hivyo tarumbeta ile ile ikapigwa na kampuni.

Na hata Kilwa si peponi. Ukaguzi ni ghali, na vijiji vile visingeupata bila wafadhili. Hili tunalijua hata hapa kwetu. Katikati ya miaka ya 2000, wakulima wa Pwani yetu waliopanda mwarobaini walipata cheti cha FSC, ili wachongaji wa Akamba pale Changamwe waweze kuuza nje vinyago vyenye nembo badala ya kumaliza muhugu na mpingo wa msituni. Wazo lilikuwa zuri mno. Mwarobaini unakua haraka, uko kwenye shamba la mtu, na mwenye shamba anajulikana. Lakini hebu pima: mkulima mwenye miti yake michache nyuma ya nyumba anaketi kwenye mtihani wa aina moja na kampuni yenye maelfu ya hekta, idara ya mahusiano na wanasheria. Ndiyo, kuna njia ya kujiunga kikundi ili kugawana gharama. Bado aliye mdogo anahitaji mfadhili ili athibitishe kwamba hajaharibu kitu ambacho hakuwa na uwezo wa kukiharibu. Ndiyo sababu misitu mingi yenye cheti duniani iko Ulaya na Amerika Kaskazini, ilhali kilio kilichozaa nembo hiyo kilihusu misitu ya nchi za joto.

Tumefika nyumbani. Kenya iko wapi kwenye foleni hii?

Februari 2018 serikali ilipiga marufuku ukataji wa miti kwenye misitu ya umma. Jopo lililoundwa kuchunguza sekta hiyo likaandika mwaka huo huo kwamba ufisadi umejengeka ndani ya huduma yenyewe ya misitu. Bei ya mkaa ikapanda, na wasee wa mbao wakafunga vibanda. Julai 2023 Rais Ruto akatangaza, akiwa ibadani Molo, kwamba marufuku imeondolewa, eti miti iliyokomaa inaoza shambani huku vijana wakikosa kazi. Chama cha Wanasheria kikaenda kortini na korti ikasimamisha hatua hiyo. Novemba 13 mwaka huo huo tukapewa likizo ya kitaifa ya kupanda miti, kwenye safari ya kufikia miti bilioni 15 ifikapo 2032. Tukapiga selfi na miche. Mwezi huo huo, Novemba 2023, familia za Waogiek zilikuwa zikifurushwa kutoka Msitu wa Maasai Mau.

Hao si watu waliovamia jana. Tarehe 26 Mei 2017, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliamua kwamba Kenya ilivunja haki za Waogiek kwa kuwaondoa Mau, na ikakataa hoja kwamba wao ndio walioharibu msitu. Tarehe 23 Juni 2022 mahakama hiyo ikaagiza walipwe fidia na warudishiwe ardhi kwa umiliki wa pamoja. Hukumu ipo, ina mihuri yote unayoijua. Kilichokosekana ni mtu wa kuitekeleza.

Nenda Embobut, Elgeyo Marakwet, utakuta Wasengwer na hadithi ile ile. Januari 2014 nyumba zao zilichomwa katika operesheni ya kuwatoa msituni. Januari 2018 Msengwer mmoja aliuawa kwa risasi katika operesheni nyingine, na Umoja wa Ulaya ukasimamisha fedha zake za mradi wa minara ya maji. Ona basi nguvu ya kile kilichotokea: fedha hazikusimama kwa sababu ya fomu ya ukaguzi. Zilisimama kwa sababu Wasengwer walikuwa wamelalamika kwa miaka, na hatimaye damu ikamwagika mbele ya macho ya mfadhili.

Katiba yetu ya 2010 inajua jambo hili. Kifungu cha 63 kinahesabu ardhi za mababu na ardhi zilizokaliwa tangu jadi na jamii za wawindaji na wakusanyaji kuwa ardhi ya jamii. Kifungu cha 62 kinahesabu misitu ya serikali kuwa ardhi ya umma. Msitu mmoja, vifungu viwili, na katikati yake kuna familia imeketi na mabati yake ikisubiri kuambiwa iko kwenye kifungu kipi. Sheria ya misitu ya 2005 ilileta vyama vya misitu vya jamii, na hivyo vinapewa ruhusa ya kuokota kuni, kukata nyasi, kuweka mizinga, kulima katikati ya miche. Ni ruhusa nzuri, lakini ni ruhusa ya mgeni. Mwenyeji haombi ruhusa ya kuokota kuni kwake.

Sasa weka nembo juu ya hayo. Siku mashamba yetu ya serikali ya saiprasi na misonobari, au misitu yetu ya kuuzia hesabu za hewa ya ukaa, itakapoomba tiki, mkaguzi atakuja na gari jeupe, atakuta sheria inafuatwa, miche imesimama, na "mgogoro uliisha". Tutakuwa tumejitengenezea Mubende yetu, na supamaketi itatuuzia ikiwa kwenye pakiti.

Najua majibu yanayokuja. La kwanza: bila nembo mambo yangekuwa mabaya zaidi. Kweli, na sisemi nembo ichomwe. Mbao nyingi zinazofika kwenye karakana zetu hazina nembo wala historia. Fundi anakuambia "hii ni mahogani ya Kongo, buda" na maongezi yanaishia hapo. Gunia la mkaa linalopikia nusu ya mtaa halijawahi kuona mkaguzi. Ndani ya giza hilo, mshumaa ni mshumaa. Lakini mshumaa haugeuki kuwa jua kwa sababu umechapishwa kwenye kikombe.

La pili: FSC huadhibu. Huadhibu, ndiyo. Mwaka 2013 ilijitenga na kampuni ya Danzer baada ya malalamiko kuhusu kijiji cha Yalisika, kaskazini mwa Kongo, ambako mwaka 2011, katika mgogoro na kampuni yake tanzu, askari na polisi walivamia wanakijiji. Mtu mmoja akafa na wanawake wakabakwa. Miaka miwili ilipita kati ya tukio na adhabu. Mwaka uliofuata, 2014, kampuni ilikuwa imeanza kurudishwa kundini. Greenpeace International, mmoja wa wanachama wa mwanzo wa baraza hilo, lilijiondoa 2018. Na Umoja wa Ulaya ulipotunga mwaka 2023 sheria ya kuzuia bidhaa zinazotokana na ukataji wa misitu, kuanzia mbao hadi kahawa, ulikataa kukubali cheti kuwa ushahidi unaotosha. Muuzaji atatakiwa kuonyesha shamba lenyewe liko wapi kwenye ramani. Tarehe ya kuanza imesukumwa mbele zaidi ya mara moja, lakini ujumbe umefika: wanunuzi wakubwa wa nembo hawaiamini peke yake. Wewe na mimi tunaambiwa tuiamini kwa nini?

La tatu ndilo linalowagusa vijana wa mjini: mimi ni mteja tu, nguvu yangu ni kuchagua bidhaa. Hapana. Hilo ndilo kosa kubwa ambalo nembo imetufundisha, kwamba uraia unaishia kwenye kaunta ya malipo. Ukipita Karura Jumamosi na baiskeli ya kukodi, kumbuka msitu ule haukuokolewa na mteja. Uliokolewa na Wangari Maathai na wanawake waliokwenda na miche hadi kwenye lango Januari 1999, wakapigwa, yeye akajeruhiwa kichwani, na wanafunzi wa vyuo wakamwagika barabarani kwa hasira. Viwanja vilikuwa vimegawiwa, makaratasi ya umiliki yalikuwapo, kila kitu kilikuwa "halali". Kama mkaguzi angefika siku ile kuuliza nani anafuata sheria, wajenzi wangepata tiki na Maathai angeitwa mvamizi.

Basi tudai nini? Mambo manne, na yote yanawezekana.

Nembo iseme jina la msitu. Kama boksi la maziwa linaweza kuniambia tarehe ya kuharibika, tishu inaweza kuniambia mti ulikatwa wapi na ardhi ile ni ya nani.

Mkaguzi asilipwe moja kwa moja na anayekaguliwa. Kampuni zote zichange kwenye mfuko mmoja, na mkaguzi apangiwe kazi na mtu asiyefaidika na matokeo.

Mkaguzi awatafute waliohama, si waliobaki tu. Orodha ya waliofurushwa kwenye ardhi ile iwe karatasi ya kwanza kwenye faili.

Na hapa kwetu, msitu wowote wenye hukumu ya mahakama ambayo haijatekelezwa usipewe cheti cha mbao wala cha hewa ya ukaa. Mau kwanza. Waogiek wapewe hati iliyoagizwa Arusha, iandikwe kwenye daftari la ardhi ya jamii, mipaka ipimwe. Halafu mkaguzi akija, akutane na wenye msitu wakiwa wameketi nyumbani kwao, na wao ndio waamue kama wanataka kumfungulia mlango.